Kipande cha Kunusa

Tangi nimeliunga kwa masalio ya vioo vya Mtumba,
dirisha la afisa fulani lililokatwa vibaya
likakosa ukubwa wa wizara.
Lita themanini. Majirani wa Chang'ombe wamezihesabu:
maji huku huja Jumanne, na Ijumaa yakipenda,
na mimi fundi vioo nimeyafungia kama mahabusu,
nakaa nayatazama.

Nilipanda yungiyungi kutoka bwawa la Hombolo.
Lilifika kijani. Mwezi wa pili
majani mapya yakaanza kuzaliwa na uzee,
manjano, mishipa tu imebaki kijani
kama ramani ya mito kwenye nchi isiyo na mito.

Njaa ya chuma, akasema Ndahani wa maabara ya udongo.
Si kwamba hakimo; maji yetu ya kisima
yana chokaa, yanakifunga.
Kimo mbele ya mdomo na hakiliki.
Nikatia misumari yenye kutu.
Maji yakawa chai ya rangi. Jani likabaki vilevile.

Akaja shangazi Sechelela na kiroba chake,
muuza udongo wa kula, soko la Sabasaba,
vipande vya mia mia, virefu kama vidole.
Akaliangalia ua kupitia kioo, akacheka:
"Huyu naye ana mimba?"

Tukaenda machimboni, nyuma ya Chihanga,
yeye mbele na jembe, mimi na ndoo.
Alilamba, akatema. Huu chumvi.
Akalamba. Huu wa kufinyangia chungu, hauna kitu.
Wa tatu aliushikilia ulimini muda mrefu,
macho kafumba, kama mtu anayetafuta stesheni ya mbali.
"Huu unauma meno. Chota."

Ndahani aliniandikia majina nyuma ya risiti:
manganisi, zinki, boroni, shaba,
kwa kiasi ambacho hata mzani wa sonara haukioni.
Shangazi hayajui hayo majina.
Anaujua mtaa wanaokaa.

Udongo uwahi ungali maji, husema wahenga;
mimi niliuwahi mno, nikautia mbichi,
na tangi likawa uji wa uwele siku sita,
samaki wangu wawili wakipapasa ukuta.
Mara ya pili nikaufinyanga gololi, nikauanika,
nikauchoma kwenye jiko la mkaa mpaka ukalia kama kigae,
nikauzika chini ya mchanga, karibu na mizizi.
Huko chini maji hayana ubishi mwingi.
Mzizi unakwenda wenyewe, gizani, unalamba.

Siku ya kumi na tisa: jani.
Limejikunja kama noti ya akiba. Kijani.

Nikakimbia kumwita Foibe.
Nilimkuta jikoni, mimba ya miezi sita,
vidonge vyekundu vya kliniki palepale juu ya kabati,
na mdomoni mwake kilekile, kinavunjika: kru.

Nesi alishamwambia, na mimi nilikuwepo kwenye benchi:
udongo tumboni haukupi chuma, unakunyang'anya.
Unakikumbatia na kutoka nacho.
Sasa nimweleze vipi mke wangu
kwamba kinachonenepesha ua kinamnyonya yeye,
kwamba shimo ni lilelile, mkono ni uleule,
wa shangazi yangu mwenyewe,
na kwamba mimi nilikuwa nakuja mbio, nimefurahi?

Sikueleza. Nilisimama tu na mikono iliyolowa.

Alinitazama, akafungua pochi, akanipa vipande vinne.
Tukavisukuma pamoja chini ya mchanga,
vidole vyetu vikubwa ajabu nyuma ya kioo,
samaki wakavikwepa.

Cha tano alikibakiza.
"Hiki cha kunusa tu."
Akakichovya majini kidogo, akakisogeza puani,
na chumba chote, Oktoba, bila wingu hata la kuazima,
kikanuka mvua.